Kamba Mguuni

Miaka thelathini na moja nilihesabu makontena Kilindini,
kontena na namba yake, namba na sahihi,
na hakuna kontena lililowahi kunitazama.

Sasa nahesabu sita.
Sita tu, na kila jioni napata watano au saba,
maana hawatulii, hawa, wala hawana namba ubavuni.

Nilipohamia Mishomoroni, nyumba ya Kuze imeshagawanywa mirathi,
ua wangu ulikuwa hatua kumi na mbili kwa tisa:
mpapai, pipa la maji, na ukuta wa jirani nisiyemjua.
Nikasema, nitafuga kuku.
Binti yangu Zulfa alicheka hadi akaweka simu chini.
"Baba, wewe hata yai huchemshi."

Kadzo wa duka la dawa za mifugo hakucheka.
"Banda li wapi?"
Nikamwambia nimekuja kuulizia kuku.
"Banda kwanza, mzee. Kuku hangoji fundi."

Basi nikanunua mbao za bandarini, zilizochoka kubeba mizigo ya watu,
nikang'oa misumari mmoja mmoja, nikainyoosha juu ya jiwe.
Banda likasimama kwa miguu minne,
mgongo kwa jua la mchana, mlango kwa upepo,
kwani joto la huku, asema Kadzo, huua kuku kuliko paka.
Miguu nikaivisha makopo ya oili chafu, sababu ya siafu.
Juu nikatandaza wavu mkuukuu, sababu ya kunguru.

Kunguru! Nani hapa Mombasa asiyewajua?
Wavu ulikuwa na tundu moja, upana wa kiganja.
Mimi sikuliona. Yeye aliliona.
Vifaranga wawili wa kwanza walipita tundu lile
kabla sijamaliza chai.
Nikalishona kwa sindano ya magunia, mikono ikitetemeka,
hasira za karani aliyepotelewa na shehena.

Ndipo nikaenda Kongowea kutafuta wakubwa:
mitetea watano, na wa sita
ambaye muuzaji aliniapia kuwa naye ni mtetea.

Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni.
Dawa nikaileta ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu,
kuku kwapani, moyo wake ukienda kama cherehani,
na wangu nao.
Magamba ya chaza nikayaponda kinuni, wapate ganda gumu.

Yule wa sita, wiki ya tano, akapanda ukutani, akawika.
Asubuhi nikakuta karatasi chini ya mlango:

*Jogoo wako jirani, hana saa ya kulala,*
*Saa nane ukutani, awika kabla ya sala,*
*Nakuomba kwa hisani, nipunguzie madhila,*
*Ama mtie chunguni, uniite kuja kula.*

Nilihesabu mizani kwa vidole. Haikupungua hata moja.
Beti ya kumjibu sikuwa nayo.
Lakini mtetea mwekundu alipotaga,
yai dogo, lenye doa la damu, bado la moto,
nilisimama nalo uani nisijue niliweke wapi.
Nikangoja yakawa manne, nikaenda kubisha hodi ng'ambo ya ukuta.
Anaitwa Shekue Mbwana, mshona kofia.
Akayapokea ndani ya kofia isiyokwisha.
"Na jogoo?"
"Bado tunajadiliana naye."

Nimesahau kusema habari ya kamba.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
nami niliwafunga siku saba, kamba ya katani,
wajue maji yako wapi, kivuli kiko wapi,
mkono upi huleta pumba.
Nami siku zile nilikuwa vivyo hivyo:
mlangoni hadi msikitini, msikitini hadi mlangoni,
urefu wa kamba.

Siku ya nane nikazikata, mlango wa ua nikauacha wazi, makusudi.
Mwekundu akatoka hadi mtaroni,
akachakura, akanitazama, akarudi.
Magharibi nikahesabu: watano.
Nikahesabu tena: sita.

Kamba zi msumarini hadi leo.
Zulfa akipiga simu kuuliza lini nitakwenda kukaa kwake Nairobi,
humwambia ngoja kidogo, mwanangu,
kuku hawajaingia.